Kibakuli cha Alhamisi

Soko lina saa yake ya wachovu. Ni kama saa kumi na mbili na nusu jioni, wauzaji wanapoanza kukunja maturubai, na fungu la nyanya lililokataa kushuka bei tangu asubuhi linashuka lenyewe bila kubembelezwa. Wenye pesa na haraka zao wameshaondoka. Wanabaki wale wanaojua kusubiri.

Mpiga pasi alijua kusubiri. Tangu asubuhi alikuwa amesimama katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, akinyoosha mashuka ya watu waliokuja kupumzika, na sasa alikuwa amesimama tena mbele ya meza ya nyanya. Blauzi yake ya kijivu ilinuka mvuke na sabuni, na kitambaa chekundu cha kichwani kilikuwa kimemshukia hadi kwenye nyusi. Lilikuwa limebaki fungu moja. Aliponyoosha mkono kulichukua, mkono mwingine ulikuwa umeshafika, mweusi kwa grisi mpaka kwenye kucha.

"Dada, fungu hili nalivizia tangu saa kumi na moja," alisema mwenye mkono.

"Mimi tangu jana."

Mwanamume alicheka. Alikuwa mrefu, kwenye ovaroli la buluu lililopauka magotini, bisibisi ikimchungulia mfukoni. Muuza nyanya, ambaye naye alitaka kwenda zake, aliwaambia wagawane au wakapike pamoja, yeye hayamhusu. Wakagawana tatu kwa tatu. Ikabaki ya saba. Mwanamume aliitia kwenye mfuko wa yule dada.

"Nitajuaje kama imefika salama?"

"Unataka namba ya simu ya nyanya?"

"Ya mwenye nyanya, akiruhusu."

Alipewa. Kesho yake mchana alipiga kuulizia hali ya mgonjwa, akaambiwa kwamba amefariki na amezikwa kwenye maharage. Hivyo ndivyo walivyoanza.

Mwanamume alikuwa fundi wa lifti, kwa hiyo mpiga pasi alimwita Ghorofa. Ghorofa alimwita Bi Pasi, na akiwa na shida yake, laazizi. Mapenzi ya watu waliochoka hayana mbwembwe. Walikaa kwenye ngazi za nyumba aliyopanga Bi Pasi, wakaanza kusimuliana mambo ya siku, na kabla hadithi haijafika katikati mmoja alikuwa ameshasinzia begani mwa mwenzake. Walioonea aibu jambo hilo walikuwa majirani. Wao wenyewe waliona raha.

Jioni moja Ghorofa alimuuliza kitu anachokitamani kuliko vyote. Bi Pasi hakuhitaji kufikiri.

"Siku saba ng'ambo. Nilale kwenye shuka ambalo sikulipiga pasi mimi."

"Kwani hapa hapa hakuna hoteli?"

"Hapa nitakagua mikunjo. Halafu msimamizi atanipigia nikazibe pengo la mtu, mama atapiga, dada atapiga. Nataka mahali ambapo hata kupokea simu ni ghali."

Ghorofa alijua utani wake wote, na akaona kwamba huu haukuwa utani. Akasema basi, watakwenda.

Alichunguza, akagundua kwamba kuna majira ambayo watu hawapendi kusafiri na tiketi huwa za bei ya kutupa. Hata hivyo zilikuwa mbali na mifuko yao. Kodi ya nyumba haipunguziki, nauli ya kazini haipunguziki. Kilichobaki ni tumbo. Chakula cha mchana cha kununua ndicho kilichokuwa kikiwamaliza. Bi Pasi akajifunga kibwebwe. Jumapili, siku yake moja ya kupumzika, ikawa siku ya jikoni: maharage yaliyolowekwa tangu jana yake, kabichi iliyokaangwa upesi na karoti isije ikalegea, dengu za tangawizi, samaki wadogo walionunuliwa saa ile ya wachovu. Vitu vya bei ya chini vyote, lakini ukifunua sufuria yake mate yanakutoka. Vinataka mtu mwenye mkono na subira, na yeye alikuwa navyo, miguu tu ndiyo iliyomuuma.

Alijaza vibakuli kumi na viwili vya plastiki, sita vyake na sita vya Ghorofa, kimoja kwa kila siku ya kazi. Kwa mazoea ya kazini aliandika siku juu ya kila kifuniko kwa wino wa kufulia, ule wa kuwekea alama nguo za wageni, ambao hata maji ya moto hayautoi. Kisha akafunga uzi wa buluu pembeni, kama anavyofanya kwenye mashati, ili cha mtu kisipotee. Minofu ya samaki aliitia yote kwenye kibakuli cha Ghorofa cha Alhamisi. Yeye alijiwekea mchuzi. Hilo hakumwambia mtu.

Ikapita miezi minane hivyo. Ghorofa alikonda. Alipoulizwa, alisema lifti zikiharibika fundi hupanda kwa miguu, laazizi, unadhani mwili utabaki? Bi Pasi aliamini. Naye alikuwa amekonda, ila blauzi ya kazini ni pana na huficha mengi.

Alhamisi moja lifti ya mizigo ya hotelini iligoma. Wakaja mafundi wawili wa kampuni ya Ghorofa. Ghorofa mwenyewe alikuwa ametumwa kwingine. Saa ya chakula, mmoja wao, mnene, alikaa juu ya beseni lililofudikizwa karibu na mlango wa chumba cha kufulia, akatoa kibakuli. Bi Pasi alikuwa anapita na rundo la mashuka. Akauona uzi wa buluu. Akaona na mwandiko wake: Alhamisi.

"Kaka, chakula kinanukia hicho. Umekipata wapi?"

"Kuna mwenzetu anatuuzia," fundi alisema, akilamba kidole. "Mke wake ni balaa. Hiki cha Alhamisi ndicho chenye samaki, tunakigombania. Mimi nilikiwekea oda tangu Jumatatu." Akajipiga tumbo. "Unaliona hili? Kazi ya shemeji."

Bi Pasi alirudi kwenye meza yake, akaendelea na kazi, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita akaunguza foronya.

Jioni alimpigia dada yake amwambie, akitumaini atatulizwa. Dada yake hakuwa mtu wa kutuliza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Haya, chakula chako anauza. Yeye anakula wapi?"

Hilo Bi Pasi hakuwa amelifikiria. Sasa hakuweza kufikiria jingine. Alimwona Ghorofa amekaa kwenye meza ya mtu, mbele ya sahani ya mtu, akicheka kicheko kile cha nyanya.

Jumapili hakupika. Ghorofa alikuja na vibakuli vitupu, vimeoshwa na kupangwa vizuri kama kawaida, akabisha hodi mpaka jirani akatoka kumwonea huruma. Alipiga simu, akapiga tena. Bi Pasi alimtumia ujumbe mmoja: waambie wateja wako mpishi amefunga. Halafu akajilaza siku nzima, na ule usingizi aliokuwa ameutamani kila Jumapili ukamkataa.

Jumanne aliomba ruhusa mchana, akapiga simu kwenye kampuni kuulizia alikotumwa Ghorofa. Lilikuwa jengo la ofisi, ghorofa kumi na moja, na lifti bila shaka ilikuwa imezimwa. Alipanda kwa miguu. Alipumzika ya tano, akapumzika ya nane, akivua kiatu kimoja na kukivaa tena, huku akiyapanga maneno atakayomwambia huyo mwanamume mbele ya yeyote atakayemkuta naye. Juu kabisa palikuwa na mlango mdogo wa chuma wa chumba cha mashine. Akausukuma.

Ghorofa alikuwa amekaa juu ya sanduku la vifaa. Mbele yake, kwenye kipande cha gazeti, kulikuwa na nusu mkate mkavu na chupa ya chai ya rangi. Ovaroli lilimning'inia. Mkanda wake ulikuwa na matundu matatu mapya, yaliyotobolewa kwa msumari.

"Uko peke yako?" Bi Pasi aliuliza.

"Nani mwingine apande mpaka huku?" Kisha akauona uso wake, akasimama. "Umeshajua."

"Nimekutana na tumbo la mwenzako."

Alieleza bila kujitetea sana. Tiketi zilikuwa zimepanda katikati ya mwaka. Alijua akimwambia, Bi Pasi ataomba zamu ya pili, na yeye alikuwa ameshamwona akisinzia wima sokoni, kabichi mkononi. Akauza kibakuli kimoja kujaribu. Wenzake wakataka zaidi. Mwishowe akawa anauza vyote, akijiambia kwamba atamwambia wakiwa uwanja wa ndege, wakati ambao jambo hilo litakuwa la kuchekesha.

"Ungeniambia."

"Ungeongeza zamu."

"Ningeongeza. Na wewe ungenikataza, tungegombana, tungemaliza." Bi Pasi alikaa chini sakafuni, kwa sababu miguu ilikuwa imekataa. "Ile minofu ya Alhamisi ilikuwa yangu, Ghorofa. Miezi minane mimi nakula mchuzi ili wewe ushibe."

Ghorofa alimtazama. Akajifunika uso kwa mikono yake yenye grisi.

"Nimeuza minofu yako."

"Umeuza Jumapili zangu. Nilikuwa nasimama jikoni miguu inawaka, nasema moyoni, si kitu, angalau yeye anakula. Hilo ndilo lililokuwa likinisimamisha."

Akalia kwa sauti ndogo, kilio cha mtu asiye na nguvu za kulia vizuri. Ghorofa aliogopa kumchafua, kisha akaona liwalo na liwe, akamshika. Grisi ikaingia kwenye blauzi ya kijivu na haikutoka tena.

Walikula ule mkate pamoja. Ghorofa alisema pesa zimetosha tangu wiki iliyopita, ila kwa siku tano, si saba. Halafu, akiangalia chupa ya chai, akasema kwamba alikuwa amepanga kumwomba akubali kuolewa naye, na sasa hajui kama bado ana uso wa kuuliza.

"Usiniulize sasa," Bi Pasi alisema. "Nimechoka mpaka hata ukiniuliza kama nataka maji nitasema sitaki. Niulize nikishalala."

Jumapili iliyofuata Ghorofa alikuwa jikoni tangu asubuhi, akimenya vitunguu huku akitokwa na machozi, na Bi Pasi alikuwa amekaa kwenye kiti akitoa amri. Minofu iligawanywa katikati. Wenzake walipoambiwa duka limefungwa, yule mnene alinuna wiki nzima.

Baada ya wiki sita wakasafiri. Hoteli ilikuwa ndogo, nyuma ya kituo cha treni, chumba cha vitanda viwili vyembamba ambavyo mtu hupita katikati yake kwa ubavu. Bi Pasi alikaa kwenye kitanda chake, akapitisha kiganja juu ya shuka. Karibu na pindo mkunjo ulikuwa umekwenda upande. Ghorofa alisubiri lawama.

"Huyu naye alikuwa amechoka," Bi Pasi alisema. Akazima simu, akalala.

Alilala usiku huo na siku nzima iliyofuata. Ghorofa alitoka, akazunguka, akarudi, akamkuta vile vile. Alianza kuhesabu siku tano zinavyopungua, kisha akajionya. Jioni alitoka tena, akakuta soko. Wauzaji walikuwa wanakunja maturubai. Hakujua neno hata moja la lugha yao, lakini saa hiyo aliijua vizuri sana. Alinyoosha kidole, akarudi na mkate, samaki wa kukaanga na nyanya saba.

Bi Pasi aliamka kesho yake, jua limeingia mpaka katikati ya sakafu. Ghorofa alikuwa ameshapanga chakula kwenye kibakuli cha Alhamisi, alichokibeba kwenye begi bila kusema. Alimsogezea kile kipande kikubwa cha samaki. Bi Pasi akakirudisha, Ghorofa akakisogeza tena. Mara hii Bi Pasi akakila, chote, polepole, mpaka kwenye mfupa.

"Saa ngapi?"

"Sijui. Hakuna anayekutafuta."

Bi Pasi alijinyoosha mpaka viungo vikalia, akaegemea ukuta.

"Sasa niulize," alisema.

Ghorofa alikuwa na mkate mdomoni. Akaumeza haraka haraka, akajifuta mikono kwenye suruali, akamuuliza.