Nilifurahi Mwanangu Alipoacha Kulia

Nina miaka ishirini na sita. Ninaishi Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, na nina mtoto mmoja tu, Levi. Haya ninayoandika hapa sijawahi kumwambia mama yangu yote. Nimemwambia nusu. Nusu nyingine nimekaa nayo kifuani mpaka imekuwa kama jiwe...

Mimi ni mzaliwa wa Kuresoi, kwetu ni watu wa viazi. Nilipomaliza shule nilikuja huku kutafuta kazi ya maua. Nilipata, nikawekwa mahali waridi hupangwa kwa urefu na kufungwa kabla ya kusafirishwa. Hapo Kamere nikakutana na Baba Levi, fundi wa mjengo, tukaanza kuishi pamoja kwenye chumba kimoja cha mabati.

Siku ya kujifungua ilipofika, Baba Levi alikuwa ameenda kujenga Narok. Uchungu ulinishika mchana nikiwa peke yangu. Nilimpigia simu mpaka chaji ikaisha. Aliyenisikia nikilia ni jirani wa mlango wa tatu, Mama Faith. Alinipeleka hospitali, akanishika mkono hadi nilipoingizwa ndani. Alifua hata nguo zangu za damu! Siku hizi nani hukufanyia hivyo? Tangu siku hiyo nilimwita dada, na sikuwa ninatania.

Wacha niseme ukweli kuhusu ile miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Levi alikuwa analia. Alilia akiwa na njaa, akalia akiwa ameshiba. Nikimbeba analia, nikimlaza ndiyo anazidi! Majirani waligonga mabati. Chuchu zilipasuka, nikawa ninamnyonyesha huku nimeuma kona ya leso. Siku moja nilimweka kitandani, nikaenda nikasimama nyuma ya bafu ya wapangaji wote wa ploti, nikaziba masikio na mimi nikalia.

Baba Levi akija wikendi aliniuliza, "Huyu mtoto ana shida gani? Ama ni wewe hujui kumshika?"

Ningemjibu nini? Hata mimi nilikuwa ninajiuliza hivyo hivyo.

Halafu likizo ya uzazi ikaisha. Supavaisa alinipigia akasema Jumatatu nisipoonekana, wataweka mtu mwingine. Mama hangeweza kuja, baba alikuwa mgonjwa wa miguu, hawezi kuachwa. Aliniomba nimpeleke mtoto Kuresoi. Lakini Levi alikuwa bado ananyonya... ningemtuma vipi mbali na titi?

Mama Faith alikuwa anakaa na watoto wa wamama wa maua. Alikuwa amekodisha chumba cha pili kando ya chake, akatandika magodoro, akaning'iniza maua ya karatasi mlangoni. Kila mtu alimsifu. Nilimpelekea Levi asubuhi ile kabla jua halijatoka, nikaondoka haraka nisimsikie akilia. Nilimsikia mpaka barabarani. Maziwa yalinitoka yenyewe, yakalowesha aproni.

Jioni ya siku ya nne, Mama Faith alinipokea akiwa amechoka kabisa.

"Mama Levi, huyu wako ni mkali! Ananiamshia wengine wote. Nimpatie kitu kidogo ya kumtuliza? Hii tu dawa ya mafua ya watoto. Hata wangu walikunywa na wako sawa."

Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi. Miguu ilikuwa imefura. Nilikuwa sijalala vizuri tangu nijifungue. Mnajua nilimjibu nini?

"Mpatie tu, dada. Bora alale."

Nilisema hayo kwa mdomo wangu. Hakuna aliyenilazimisha!

Wiki haikuisha kabla Levi hajatulia. Jioni nilimchukua akiwa amelala, akanyonya macho yamefungwa, akalala mpaka asubuhi. Na mimi nikalala. Oh, usingizi ule! Kazini niliwaambia wenzangu nimebarikiwa mtoto mpole. Baba Levi alipokuja alisema, "Naona sasa umejua kumlea." Nilifurahi jamani... nilifurahi mwanangu alipoacha kulia.

Alipofika miezi mitano nilimpeleka kliniki. Nesi, mama wa makamo, alimpima uzito, akamtoa kwenye mizani, akampima tena. Akampigia makofi karibu na uso. Levi hakucheka.

"Mama, huyu mtoto anakaza shingo? Kuna dawa yoyote anatumia?"

"Hapana, sista."

Kwa nini nilidanganya? Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya wamama, na nilijua akinigombeza wote watasikia. Niliogopa aibu ya dakika mbili! Aliniandikia nirudi baada ya wiki mbili. Kazini sikupewa ruhusa, na mimi sikuiomba mara ya pili.

Kisha Jumanne moja mashine ya chumba cha baridi cha kuhifadhia maua iliharibika, tukaambiwa turudi nyumbani. Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Nilienda moja kwa moja kwa Mama Faith kumchukua Levi nifurahi naye mchana.

Kilichonisimamisha mlangoni ni kimya.

Watoto tisa walikuwa wamelala kwenye magodoro, wamepangwa mstari. Saa nne asubuhi! Jua limewaka, redio ya jirani inapiga kelele, na hakuna hata mmoja anayejigeuza. Msichana mmoja wa karibu miaka miwili alikuwa na nzi kwenye mdomo, nzi anatembea, naye hata hatikisi kichwa. Nilipiga makofi. Hakuna aliyeamka. Nilimwinua Levi, nikamwita, nikamtikisa. Alifungua macho, yakapita juu ya uso wangu kama mtu asiyenijua, yakafumba tena.

Juu ya rafu kulikuwa na chupa ya dawa na kijiko. Kijiko kimoja cha wote.

Mama Faith aliingia na ndoo ya maji. "Ai, umerudi mapema. Kuna nini?"

"Dada, hawa wote umewapatia?"

Alitua ndoo polepole. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mama Levi, niko peke yangu na watoto tisa. Mnawaleta giza, mnawachukua giza. Wewe unataka nifanye nini? Na si ni wewe ulisema bora alale?"

Nilimbeba mtoto wangu nikaenda naye nyumbani.

Sasa nusu ile ambayo mama hajui ni hii... Kesho yake nilimrudisha. Ndiyo, nilimrudisha! Nilipiga magoti, nikamwomba Mama Faith asimpatie tena, akaapa, "Haki ya Mungu, wako simgusi na hiyo dawa." Ningempeleka wapi? Ningemwacha na nani? Nilitaka kumwamini kwa sababu nisipomwamini ningefanya nini? Jioni nilimchukua amelala, nikajiambia ni uchovu wa kucheza. Nilijidanganya hivyo wiki nzima.

Wiki ya pili supavaisa akaniita nikiwa kazini, saa nane mchana. Kulikuwa na simu yangu. Ilikuwa Mama Faith, anatetemeka sauti. "Kuja haraka. Mtoto ametapika, anapumua vibaya."

Sikumbuki nilivyofika. Ninakumbuka midomo ya Levi ikiwa na rangi ya majivu. Alikuwa ametapika usingizini na maziwa yakaingia kwa mapafu. Tulipanda pikipiki, mimi na Mama Faith, na mtoto katikati yetu. Tulipofika lango la hospitali, Mama Faith alinivuta kando.

"Usiwaambie, tafadhali. Na mimi niko na watoto."

Kisha akageuka akaenda. Yule aliyenishika mkono siku ya kujifungua aliniacha langoni na mtoto anakufa mikononi mwangu!

Daktari aliniuliza mtoto amepewa nini. Nilimwambia kila kitu, na kwamba niliruhusu. Hakunigombeza. Aliandika tu, akaendelea kuandika. Heri angenipigia kelele!

Tulikaa pale karibu wiki tatu. Levi alikuwa kwenye oksijeni, ana mipira puani, sikuruhusiwa kumbeba. Maziwa nilikuwa ninayakamua kwenye sinki. Nilikaa kwenye kiti, mikono mitupu, ninaangalia kifua chake kikipanda na kushuka. Ni hilo tu nililoweza kumfanyia mwanangu... kuangalia.

Baba Levi alikuja mara moja. Aliponisikiliza mpaka mwisho, aliuliza, "Uliruhusu mtoto wangu alewe dawa?" Hakungoja jibu. Hadi leo hajarudi.

Hospitali iliripoti niliyosema, maafisa wakafunga chumba cha Mama Faith, naye akahama bila kuniaga. Nilidhani wamama wengine watanishukuru. Nilikosea! Mama wa yule msichana wa miaka miwili alinikuta nikichota maji kwenye mfereji akaniambia mbele ya watu, "Sasa sisi tutawaacha wapi, kwako? Umetuharibia." Hata kunisalimia waliacha. Na kazi yangu ilikuwa imeshapewa mtu mwingine.

Levi sasa ana mwaka mmoja na miezi minane. Anakaa nikimwegemeza na mito. Hatembei. Hajaniita mama. Kila Alhamisi ninampeleka kunyooshwa viungo. Nilimuuliza daktari kama ni ile dawa, au ni siku ile alikosa hewa, au alizaliwa hivyo. Alisema, "Mama, hatuwezi kujua." Je, mtu huishi vipi na jibu kama hilo? Ninafulia watu nguo nikiwa nimembeba mgongoni, na swali ninalo.

Ninamchukia Mama Faith? Kuna siku ninamchukia sana. Siku nyingine ninawaza watoto tisa na mwanamke mmoja, tangu giza hadi giza, na hasira inaishiwa nguvu, inabaki ile ya kujichukia mimi.

Dada yangu unayesoma hii, najua umechoka. Najua mtoto analia na kazi haingoji. Sikuambii uache kazi, maana mimi mwenyewe sikujua ningekula nini. Lakini usikubali dawa kwa sababu tu wataka kupumzika, na ukiulizwa kliniki sema ukweli, hata foleni nzima ikisikia! Na kama umemwacha mtoto mahali na jioni unampata kila mara amelala, usingoje mashine iharibike kama mimi. Kesho mwambie supavaisa tumbo linakuuma. Danganya, Mungu atakusamehe. Toka saa nne, nenda umwone mwanao.