Nguo Chafu za Ijumaa

Ovaroli zote zilikuwa zimetoweka, isipokuwa mbili.

Inspekta, mwanamke wa makamo, alisimama mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo akiutazama ukuta wenye ndoano tupu. Buti zilikuwa chini, mahali pake. Simu ya mtu ilikuwa inachajiwa. Saa ya mkononi ilining'inia palepale mwenyewe alipoiacha. Mwizi hakuvigusa. Alichukua nguo za kazi tu, tena chafu, zimejaa jasho na vumbi la dawa ya kuulia wadudu.

"Mwizi gani huyu, afande?" konstebo akauliza. Wenzake walimwita Kiherehere, na jina lilimkaa kuliko sare. Tayari alikuwa amenyunyiza unga wa alama za vidole mlangoni, dirishani na kwenye suruali yake mwenyewe.

"Ndilo tulilokuja kuuliza," Inspekta akamjibu. "Jipanguse kwanza."

Meneja alikuwa nyuma yao, anafoka. Kiwanda chake kilichanganya dawa za mashambani na kuzitia kwenye mifuko. Kila Ijumaa wafanyakazi walibeba ovaroli zao nyumbani kuzifua, Jumatatu wakarudi nazo safi. Leo Ijumaa walizivua wakaenda kula, na waliporudi hawakuzikuta.

"Hii ni hujuma!" akasema meneja. "Nataka mtu ndani leo leo!"

"Utampata, bwana. Tuache tufanye kazi."

Kitasa hakikuvunjwa. Mlinzi wa geti alijipiga kifua kwamba hakuna aliyetoka na furushi.

"Hata sindano isingepita, afande."

"Hukusinzia baada ya chakula?"

"Chakula chenyewe nimekila nimesimama."

Inspekta akamwamini. Basi nguo zilikuwa bado ndani ya uzio, na aliyezichukua alikuwa mtu wa humohumo.

Akaketi stoo, akawaita wanaume mmoja mmoja. Kila mmoja alimuuliza swali ambalo Kiherehere alidhani amelisikia vibaya.

"Ovaroli yako huwa inafuliwa na nani?"

"Mke wangu, afande."

"Mama."

"Dada yangu. Mimi na sabuni hatuivi."

Halafu wakaja wale wawili ambao nguo zao ziliachwa. Mmoja alikuwa mjane, wa pili kapera mwenye ndevu za kujivunia.

"Najifulia mwenyewe," kapera akasema. "Nani wa kunifulia? Labda afande anifanyie mpango."

"Afande," Kiherehere akanong'ona, "tunatafuta mwizi au tunatafuta mke?"

"Kaa kimya. Mwite wa mwisho."

Wa mwisho alikuwa mchanganya dawa, mtu wa maneno machache ambaye kiwanda kizima kilimwita Mpole. Aliketi ukingoni mwa kiti.

"Ovaroli yako imepotea?"

"Imepotea."

"Inafuliwa na nani?"

"Siku hizi nafua mwenyewe."

"Huna mke?"

"Ninaye. Yuko hospitali. Amejifungua."

"Hongera, baba!"

"Asante. Ila mtoto amekuja mapema, afande. Mapema mno." Akaitazama mikono yake, ikawa hajui aiweke wapi. "Naomba ruhusa. Zamu yangu ya kumbeba kifuani imefika."

Inspekta akamruhusu. Kiherehere nusura aruke juu.

"Unamwachia?"

"Anakwenda mahali tunapopajua. Wewe fikiri. Mwizi amechagua nguo zinazofuliwa na wanawake. Za wanaojifulia kaziacha. Ni moja tu iliyokataa kuingia kwenye hesabu hiyo, na ni ya huyu. Aliichukua ili afanane na wenzake."

Kiherehere akaguna. Alitamani angekuwa yeye aliyelisema.

Kwenye wodi ya watoto njiti, muuguzi aliwazuia mlangoni. "Mikono, afande. Mpaka viwiko." Wakanawa kama watoto wa shule.

Mama wa mtoto alikuwa kitandani, uso umemlegea kwa kukosa usingizi. Inspekta akamjulia hali, kisha akamuuliza habari za kufua.

"Nilikuwa nazikung'uta kwanza uani," akasema. "Vumbi linanipaa puani. Halafu naziloweka kwenye beseni ninaloogea. Tumbo lilipokuwa kubwa nikawa nafua nimepiga magoti. Nilikuwa nafurahi, dada yangu. Nilitaka mume wangu aonekane nadhifu kazini."

"Hakuna aliyekuonya?"

"Aliyeniuliza kwanza ni muuguzi, na mtoto keshazaliwa."

Muuguzi akawavuta pembeni. "Mtoto huja kabla ya wakati kwa sababu nyingi. Siwezi kuapa kwamba ni zile nguo, wala daktari hawezi. Lakini baadhi ya dawa hizo, mama mjamzito akizivuta au zikimpata kwenye ngozi siku baada ya siku, zinaweza kuongeza hatari. Ndivyo nilivyomwambia baba yake."

Baba mwenyewe alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Shati limefunguliwa, na mtoto amelazwa kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa khanga, kofia imemfunika hadi kwenye nyusi. Alikuwa mdogo kiasi kwamba Inspekta, aliyekwisha kuona mengi katika kazi yake, alipunguza sauti bila kuambiwa.

"Una haki ya kunyamaza," akasema.

"Nimenyamaza vya kutosha, afande. Nguo ziko kwenye pipa tupu nyuma ya mashine ya kuchanganyia. Nilizitia wenzangu wakiwa wanakula."

"Kwa nini?"

Mpole alimtengeneza mtoto kofia kwanza. "Nilikwenda kwa meneja kumwomba nguo zifuliwe kiwandani. Akaniambia mimi si wa kwanza kupata mtoto. Nikamwendea rafiki yangu, yule wa kufunga mifuko. Mkewe ana mimba ya miezi sita. Akanicheka, akasema maji ya moto yanamaliza kila kitu. Leo ni Ijumaa. Angempelekea ile nguo, na yule mama angeikung'uta uani kama alivyofanya mke wangu. Roho ilikataa. Na wengine nao wana wake, wana dada, nisingeweza kuchagua. Nikasema heri niitwe mwizi."

"Na Ijumaa ijayo?"

"Sikufika huko, afande. Akili iliishia leo."

Machozi yakamjaa. Akageuza uso pembeni ili yasimdondokee mtoto. "Ni mimi niliyemleta mapema? Nilimpelekea mama yake zile nguo kwa mikono yangu."

Inspekta akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Hakuna anayejua hilo. Ninachojua mimi ni kwamba hukujua."

"Unanifunga pingu?"

Mtoto alikuwa amekunja kidole cha baba yake ndani ya ngumi yake. Inspekta akainuka. "Kaa hapohapo. Usimwamshe."

Kiwandani, wanaume walikusanyika nyuma ya mashine. Meneja alikuja ananukia ushindi. Kiherehere akafungua pipa na, kama kawaida yake, akatumbukiza mkono kabla ya kuambiwa.

"Wewe! Toa mkono!" meneja akapiga ukelele. "Hushiki hivyo! Hizo zina sumu, vaa glavu!"

Kiherehere aliutazama mkono wake kana kwamba si wake, kisha akatoka mbio kutafuta bomba.

"Rudia, bwana," Inspekta akasema, akitoa kalamu. "Nilikuwa siandiki."

"Nimesema... zina vumbi."

"Umesema sumu. Wake zao wanavaa glavu gani?"

Mfunga mifuko akasogea mbele. Hakupaza sauti.

"Meneja, mke wangu ana miezi sita."

Meneja alimtazama, akainamisha kichwa. "Nilijua," akasema hatimaye. "Wakubwa walisema chumba cha kufulia ni gharama. Nikaona zikishatoka getini, yaliyobaki si yangu. Nikanyamaza."

Kisha akasema halitaki tena lile shauri la wizi.

"Sawa, maana nguo hazikuvuka geti," Inspekta akamjibu. "La kwako ndilo ninaloanza nalo. Pipa hili ni kielelezo. Wakaguzi wa afya makazini watalikuta hapa, nawe utawasomea maelezo yako."

Jioni Inspekta alirudi wodini. Akanawa mpaka viwiko, muuguzi akitazama. Mpole alikuwa bado kitini, mkewe ameegemea bega lake, na wote wawili walimtazama kwa hofu.

"Rafiki yangu je?" Mpole akauliza.

"Nimemwona akitoka getini. Amekwenda kwa mkewe mikono mitupu."

Mpole akashusha pumzi ndefu, na mtoto akapanda na kushuka pamoja na kifua chake. Mama akainua ukingo wa khanga, mguu mdogo ukaonekana.

"Mshike, dada. Mikono yako ni safi."

Inspekta akaugusa kwa kidole kimoja. Ulikuwa wa moto.