Anayefuata, Aingie

Mmeniganda tangu asubuhi kama kupe, bibi tusimulie, bibi tusimulie, halafu usiku mtaniamsha niwasindikize chooni. Haya, kaeni. Mwenye kucheka acheke sasa.

Zahanati yenyewe ilikuwa ya muda tu, imewekwa darasani wakati wa likizo, kwenye kijiji kilichojitenga huko pwani. Waliokuja kujitolea walikuwa wawili: daktari kijana asiyejua kufunga mdomo, ambaye wanakijiji walimpachika jina la Maneno, na nesi, msichana asiyependa mzaha kazini. Kitandani kwenye kona alilazwa mtoto mchanga, kifua kimembana, mama yake kamshika mguu. Nesi alikuwa ameapa moyoni kwamba huyo hafi mbele yake.

Mchana foleni ikaisha. Mkunga wa kijiji, mama mtu mzima aliyekuwa akiwasaidia, akaanza kufunga madirisha.

"Mwanangu daktari, benchi likiwa tupu usiite mtu. Huku wapo wanaongoja kuitwa."

"Wana kadi?" Maneno akauliza, akacheka mwenyewe. Kisha akageukia mlango, akapaza sauti: "Anayefuata, aingie."

Benchi la nje likalia, kama linavyolia mtu akinyanyuka.

Hakuonekana mtu. Ilikuja harufu ya mwani uliooza. Halafu nyayo za maji zikajichora sakafuni, moja moja, bila haraka, kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti cha wagonjwa, na miguu ya kile kiti cha plastiki ikatanuka kwa uzito.

"Paa linavuja," akasema Maneno, na nje jua kali. Akakimbilia kwa mtoto, akamwekea kipimo cha kusikilizia kifua, akakichomoa masikioni kama kimemuunguza.

"Nini?" nesi akanong'ona.

"Kuna mtu anaongea humu."

"Humu wapi?"

"Kifuani."

Nesi akakinyakua, akasikiliza. Hakusikia sauti ya mtu; alisikia pumzi ya mtoto tu, ikipungua, ikienda mbali kama mtu anayeshuka ngazi, na alipougusa mguu ulikuwa wa baridi kama samaki, na mama mtu akawa anauliza polepole, "Dada nesi, mbona anapoa? Mbona anapoa?"

Mkunga hakupiga kelele, akamgeukia Maneno. "Ameitwa, amekuja, hajahudumiwa. Ndiyo maana kamshika huyu mtoto. Mhudumie."

"Nimhudumie nini, mama?"

"Si umejiita daktari? Msikilize mpaka amalize. Ukikatiza, anaondoka na mtoto."

Maneno akautazama mlango. Nesi akaenda kusimama hapo hapo.

"Hutoki."

"Dada, mimi nina mama yangu."

"Na huyu ana mama yake. Yule pale."

Basi Maneno akaketi mbele ya kile kiti kitupu, akavaa kipimo, akanyoosha mkono, na mkono ukagota hewani kama umegusa kifua kilicholowa, na hapo akaanza kusikiliza, akitikisa kichwa kama anayeambiwa mambo asiyoyataka, na kila alipotaka kuuondoa mkono mkunga alimwambia "bado," na jua likasogea ukutani, na mama mtu akawa anapuliza vidole vya mwanawe kimoja kimoja, na nesi hakubanduka mlangoni.

Kiti kikarudi sawa. Nyayo zikatoka. Nje benchi halikulia, na harufu ikakatika.

Mtoto akakohoa, akatapika kohozi, kisha akaangua kilio kilichojaza darasa zima, mpaka mama mtu akacheka na machozi juu. Nesi akageuka kumwangalia Maneno. Alikuwa bado ameketi, maji yakimchuruzika kutoka masikioni, macho kwenye kinywa cha mtoto kilichoachama.

"Mbona halii?" akauliza.

Wakamwambia analia.

Akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi.