Kwa Kichwa cha Mumbua

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghorofa ya Flemingdon Park, mtaa wao huko ughaibuni, wakati Katunge anapandisha kapu la nguo kutoka chumba cha kufulia. Mchana huo, kwenye ushirika wa akina mama wa kanisa, waliulizwa ni nani aliyetangaza kwamba mwenzao Gakii ameachwa na mumewe.

Ni yeye Katunge. Lakini mchungaji hataki watu waape kwa jina la Mungu, basi Katunge, kwa ujanja wake wa kijinga, akaapa kwa kichwa cha bintiye, Mumbua, kwamba si yeye. Lawama zikamwangukia mwenzao mwingine, Chepkoech, akatoka analia bila hata kuchukua koti, na baridi ile.

Nyumbani, Mumbua alikuwa anaandika kazi ya shule kuhusu Wagiriki wa kale. Akamsimulia mama yake, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, kwamba watu wale waliapa wakiwa wamesimama juu ya vipande vya mnyama aliyechinjwa, na aliyeapa uongo uzao wake ulikatika. Tena waliamini kwamba Kiapo chenyewe kilikuwa na mtoto asiye na jina, anayewaandama waapao uongo. Hana mikono, hana miguu, lakini humfikia mtu popote.

Katunge akacheka. Kicheko hakikutoka vizuri.

Ndipo ikaja harufu... nyama mbichi, damu ya moto.

Srrr... srrr...

Kitu kilikuwa kinajiburuta kwenye zulia la korido. Kikapita kwa jirani. Kikasimama kwao.

Du.

Chini kabisa ya mlango, kama mtu anayebisha kwa paji la uso.

"Mum," Mumbua akanong'ona, "nifungue?"

"Usithubutu."

Katunge alijua la kufanya. Akampigia Chepkoech simu. Sentensi moja tu ingetosha: ni mimi niliyesema.

"Mama Mumbua," Chepkoech akaitikia, sauti imekauka kwa kilio. "Ni wewe peke yako umenikumbuka. Mungu akubariki."

Aibu ikamzidi. Angeanzia wapi sasa?

"Nilitaka tu kujua kama ulifika salama," akasema, akakata simu.

Mlangoni kukanyamaza. Harufu ikapotea. Katunge akashusha pumzi, akajidanganya kwamba yamekwisha.

Nyuma yake, penseli ikaanguka sakafuni.

"Mum... siihisi mikono yangu."

Akaipiga tena namba ya Chepkoech, safari hii analia, yuko tayari kusema yote. Simu iliita mpaka ikakatika.