Mkono wa Ndayikunda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rozalia alimsaidia shangazi yake Agnesi kuanika dagaa kwenye vichanja vilivyokuwa karibu na ufuko wa ziwa, kijijini Ilagala. Dagaa wabichi hawangoji mtu. Jua likichomoza wawe wametandazwa tayari, la sivyo wataanza kunuka. Rozalia alikuwa na mikono myepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Alitandaza huku akisimulia habari za shuleni, na wanawake wa kikundi cha shangazi yake walicheka na kusema kwamba akikua atakuwa diwani.

Alikuwa darasa la sita, na mwaka huo wenzake walimchagua kuwa mwenyekiti wa Klabu ya Afya. Klabu hiyo ilisimamia usafi wa vyoo na maji ya kunawa mikono. Tangu pampu ya kisima cha shule iharibike, wanafunzi walichota maji katika mto Malagarasi, darasa moja baada ya jingine kwa zamu.

Alhamisi, masomo yalipokwisha, klabu ilikutana. Mwalimu Feliksi, mlezi wao, alikuwa amekwenda Kigoma mjini, kwa hiyo Rozalia aliendesha mkutano peke yake. Alianza kwa hotuba ndefu. Alizungumzia umuhimu wa afya, kisha umoja, kisha akaeleza jinsi klabu yao itakavyosifiwa wilaya nzima. Alipomaliza, Nehemia akauliza kama wanachama watashonewa fulana.

"Ziwe za bluu, kama ziwa," alisema Nehemia.

"Bluu inachakaa upesi. Ziwe za kijani," Dismasi akapinga.

Hakuna mtu aliyekuwa ameahidi fulana, lakini ubishi ulipamba moto. Rozalia aliufurahia. Alimpa nafasi Nehemia, akampa Dismasi, kisha naye akatoa maoni yake.

Nyuma ya darasa mkono uliinuliwa. Ulikuwa mkono wa Ndayikunda, msichana mpole ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi miaka mingi iliyopita. Walilima karibu na mto. Nyumbani kwao walizungumza Kirundi, na Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kama mtu anayechagua pa kukanyaga.

"Mimi nilitaka kusema... kule mtoni, pale ambapo..."

"Subiri kidogo, Ndayikunda," alisema Rozalia. "Tumalize la fulana."

Baada ya muda mkono uliinuka tena. Safari hii Dismasi alimkatiza kabla hajamaliza neno la pili, na watu wakacheka. Ndayikunda akaketi. Wanafunzi walianza kutoka mmoja mmoja, kwa sababu wengine walisubiriwa shambani na wengine walikuwa na wadogo wa kulea. Ndayikunda naye alitazama jua, akachukua begi lake, akaondoka kimya. Mkutano ulikwisha watu wakiwa wachache, na hakuna jambo lililoamuliwa.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu ya darasa la tatu kwenda mtoni. Bariki, mvulana mdogo mwenye ucheshi, aliinama kuchota maji. Matete yakatikisika, na mamba akamdaka mguu. Wenzake walipiga mayowe. Kwa bahati, wavuvi wawili walikuwa wakisafisha nyavu hapo karibu. Walikimbia na makafi ya mtumbwi wao wakampiga mamba kichwani mpaka akamwachia mtoto. Bariki alipakiwa kwenye pikipiki, damu ikimtiririka, akapelekwa kituo cha afya.

Wakati wa mapumziko Rozalia alimkuta Ndayikunda nyuma ya darasa, uso ameuficha kwenye magoti.

"Unaumwa?" alimuuliza.

Ndayikunda akatikisa kichwa. "Nilimwona huyo mamba juzi. Alikuwa amelala kwenye matete, karibu na pale tunapochota. Nilimwambia mama. Mama akasema, kawaambie shuleni. Mwalimu hakuwepo. Nikafikiri nitasema kwenye mkutano."

"Ndilo ulilotaka kusema jana?"

"Ego," alijibu Ndayikunda kwa Kirundi, yaani ndiyo, na machozi yakamtoka upya.

Rozalia aliketi kando yake mpaka kengele ilipolia.

Jioni hiyo hakugusa ugali. Shangazi Agnesi akasogeza kigoda chake karibu. Rozalia alimweleza yote bila kuficha.

"Bariki yukoje?" aliuliza shangazi.

"Ameshonwa. Wanasema atatembea."

"Tumshukuru Mungu. Sasa nisikilize, mwanangu. Aliyemuuma Bariki ni mamba, si wewe. Lakini mwenzako alibisha hodi na wewe hukumfungulia. Hilo ni lako, na linarekebishika. Kesho usiende kucheza. Njoo ukae kwenye mkutano wetu."

Kesho yake wanawake walikaa chini kando ya vichanja. Shangazi Agnesi aliwasalimu kwa Kiha, "Mwakeye," wakaitikia. Hakutoa hotuba. Aliuliza tu, "Nani ana jambo ambalo likilala litaharibika?"

Mama mmoja akasema turubai la kufunikia dagaa limechanika na mawingu yanakusanyika. Wakakubaliana nani atalishona, na kwamba lishonwe siku hiyohiyo. Mama Pastory alidakia, akaanza kueleza ugomvi wake na wifi yake. Shangazi alimwacha afike mwisho wa sentensi.

"Mama Pastory, hilo ni zito, nami nitapita kwako tulizungumze. Hapa tumalizie la turubai." Kisha akamgeukia bibi mmoja aliyekuwa hajafungua kinywa. "Bibi Esther, na wewe unaonaje?"

Bibi Esther akasema turubai lisiposhonwa kwa uzi wa nyavu litachanika tena. Kila mtu aliona ni kweli. Wakainuka kwenda kugeuza dagaa, na hakuna aliyenung'unika kwamba amecheleweshwa.

Jumatatu Mwalimu Feliksi aliitisha mkutano wa klabu, akaketi nyuma kabisa. Rozalia alisimama mbele.

"Kwanza namwomba Ndayikunda msamaha mbele yenu," alisema. "Alhamisi aliomba kusema na mimi sikumsikiliza. Leo tuna jambo moja tu, maji. Kila mtu atasema kwa zamu, na hakuna kumkatiza mwenzake. Ndayikunda, karibu uanze."

Ndayikunda alisimama. Alisema polepole, akitafuta maneno. Dismasi alifungua kinywa, Rozalia akamwinulia kiganja, naye akakifunga.

"Babu yangu alikaa karibu na mto wenye mamba," alisema Ndayikunda. "Watu walichimbia miti ndani ya maji, ikawa kama ua. Walichota ndani ya ua. Mamba hapiti."

Darasa zima lilimsikiliza mpaka mwisho. Waliamua kwamba mwanafunzi yeyote asikanyage mtoni mpaka ua ujengwe. Nehemia na Dismasi walipewa kazi ya kupita madarasani kutangaza, na mwalimu akaahidi kulifikisha jambo hilo kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Na fulana je?" mtu mmoja akauliza.

"Fulana haziliwi na mamba. Zisubiri," alijibu Nehemia mwenyewe, na mkutano ukafungwa jua likiwa bado juu.

Wiki hiyo wazazi na wavuvi walikata miti, wakajenga ua imara mtoni. Baadaye kidogo pampu ya kisima nayo ilitengenezwa. Bariki alirudi shuleni akichechemea kwa fimbo, akiwaonyesha kovu wote waliotaka kuliona.

Siku aliyorudi, Mwalimu Feliksi alisimama mbele ya wanafunzi wote mstarini.

"Watoto wangu," alisema, "mkutano si uwanja wa kuonyesha nani hodari wa maneno. Tunakutana ili tusikilizane, tuamue, kisha twende tukafanye kazi. Mkutano uwe mfupi, kwa maana kila mtu ana yanayomsubiri nyumbani. Na anayeuongoza alinde zamu ya kila mmoja, hasa yule mwenye sauti ndogo, kwa sababu hakuna ajuaye mapema ni nani kati yenu aliyebeba habari ya kuokoa uhai."