Uzito wa Picha ya Marehemu Lea

Jumatatu asubuhi picha ya marehemu Lea ilikuwa imeongezeka uzito ndani ya kompyuta. Ijumaa Ludovick aliiacha ndogo. Sasa ilikaribia kujaza disketi, na ufunguo wa duka alikuwa nao yeye peke yake.

Mwaka huo wa tisini na nane alikuwa akiwachapia watu barua, na picha za kubebwa mbele ya jeneza. Lea, mjane wa Mvumi, alimtamkia wosia wake auandike: kiwanja cha Chamwino apewe binti yake, Yudith. Hakujua kuandika, akabandika dole gumba kwenye karatasi tupu, akamwachia Ludovick aichape. Akafa wiki hiyohiyo.

Tamaa ikamwingia Ludovick. Juu ya lile dole akachapa wosia wa uongo, mrithi akiwa yeye mwenyewe. Wosia wa kweli, uliokuwa tayari kwenye kompyuta, aliogopa kuufuta, maana alilelewa kuamini kuwa neno la marehemu haliharibiwi. Akaufunga kwa neno la siri, akautawanya ndani ya nukta za rangi za picha ya Lea, mahali jicho lisipoona. Kuficha si kuharibu, akajiambia. Shetani hatunyimi hoja.

Saa sita mchana duka likanuka udongo wa kaburi, kisha mashine ya kuchapa ikaanza yenyewe, ikatoa Lea, ikatoa Lea mwingine, na kila karatasi mdomo wake ukiwa wazi zaidi ya iliyotangulia, hadi sauti ikatoka:

“Ludo mwanangu, nifungulie. Humu kumebana.”

Akamkimbilia Mzee Methusela, mzee wa kanisa.

“Shikamoo. Njoo ukemee pepo dukani.”

“Marahaba. Umefanya nini?”

Akaungama yote. Mzee akatikisa kichwa. “Huyo hakemewi. Anadai haki. Kamwite binti yake.”

Yudith akaja. Ludovick akaandika neno la siri, wosia ukatoka. Yudith akausoma polepole, akaukunja.

“Msibani ulikula wali wetu,” akasema, “ukaomba na ukoko.”

Akaondoka. Harufu nayo ikaondoka. Ludovick akamshukuru Mungu, akafungua picha yake ya harusi apumzishe macho.

Ilikuwa imeongezeka uzito. Kompyuta ikamdai neno la siri ambalo hakuliweka yeye. Akajaribu maneno yote aliyoyajua, hata majina ya watoto wake, na kila alipokosea kifua kilizidi kumbana, kana kwamba ni yeye aliyefungiwa humo.