Jengo Lililoandikwa kwa Jina la Baba

Haya hayakumpata jirani wala rafiki wa rafiki. Yalitupata sisi, wa mtaa wa Shituru, na mpaka leo yananichoma.

Jumamosi moja ya mwaka 1974, mama yangu Martine alikuwa uani akichambua mboga ya lengalenga. Baba mdogo Barthélemy akaingia. Mkono mtupu haulambwi, na siku ile alileta kilo mbili za sukari.

Baba yangu Germain alikuwa amefariki miezi minne nyuma. Kifo tulikitangaza kanisani na kazini; ofisi ya komini, kukiandikisha, hatukufika, nani alikumbuka? Nyumba ya kampuni tulitakiwa kuiacha. Wakati huo serikali ilikuwa ikigawia wananchi maduka iliyowanyang'anya wageni, lakini kwetu walisema mtu mmoja, duka moja. Barthélemy alikwisha kupata lake, duka la kuoka mikate. Sasa alitaka jengo la milango minne karibu na stesheni.

"Mulamu, unipe karata ya Germain," alimwambia shemeji yake kwa sauti ya chini. "Ile nyumba ikitoka, mulango moya iko wako na batoto."

Mama akaitoa kadi ya utambulisho ya baba ndani ya misale, kitabu chake cha sala, akampa.

Jengo likatoka, kwa jina la baba. Barthélemy akapangisha milango yote minne. Mama alipomkumbusha, alijibu kwamba biashara haitaki machozi. Tukahamia chumba kinachovuja mtaa wa Kikula. Nilimchukia. Bado namchukia, Mungu anisamehe.

Mwisho wa mwezi alikwenda kuchukua kodi. Ramazani, muuza vitambaa wa mlango wa kwanza, alishangaa.

"Patron alikuya asubuyi. Tulisha kumulipa."

"Patron ni minye, mwenye nyumba."

"Hapana. Ule mwenye jina iko mu karatasi. Iko na kombinezo, nguo ya kazi ya kampuni, kidole kidogo hana." Ramazani akanong'ona. "Alikatala mayi ya kunywa. Aliuliza tu, Martine iko mulango gani?"

Kidole kile baba alikipoteza nikiwa mdogo.

Mwezi wa pili, vilevile. Mwezi wa tatu Barthélemy alikaa kizingitini tangu alfajiri. Hakupita mtu. Alipoingia, wapangaji wote walikuwa wamekwisha kulipa.

Basi akaamua kwenda komini kutangaza kifo cha kaka yake, ili arithi. Alihitaji shahidi wa ukoo. Mama alikataa. Nilikwenda mimi, binti wa miaka kumi na tisa, kwa sababu aliahidi tena ule mlango. Ilikuwa Jumatano.

Karani alifungua faili, akatutazama.

"Kifo kimeisha kuandikwa. Mwenye nyumba mwenyewe alikuya juzi."

Akatugeuzia karatasi. Jina la marehemu: Barthélemy. Siku ya kifo: Alhamisi. Yaani kesho. Chini kulikuwa na sahihi ya baba, ileile iliyokuwa kwenye ripoti zangu za shule miaka sita.

Alhamisi Barthélemy hakutoka nyumbani. Hakuumwa. Alikunywa chai, akakaa kwenye benchi na mkewe Angèle. Saa sita mchana alisema polepole:

"Usogee. Yaya Germain anataka kuikala."

Hakukuwa na mtu. Angèle hakusogea. Akasogea yeye. Akasogea tena. Alikufa ameketi ukingoni kabisa mwa benchi, ameacha nafasi ya mtu mmoja.

Baada ya mazishi Ramazani alituletea ufunguo wa mlango wa nne. Mpangaji wa pale alikuwa ameambiwa na patron ahame. Mama alilia kwa hasira, si kwa furaha. Mume amekufa ndipo anampa nyumba. Lakini mvua ilikuwa ikinyesha Kikula, akauchukua.

Tumeishi hapa miaka sita. Hatumlipi mtu. Kila mwisho wa mwezi tunakuta risiti chini ya mlango: imelipwa, jina Martine. Mama huzichoma bila kusoma.

Leo asubuhi nimeiokota mimi. Ina jina langu; la Mama halimo tena.

Mama yuko uani anakata vitunguu. Ameniuliza mara mbili ni karatasi gani hiyo. Nimemwambia si kitu.